Anwani Moja, Wenyeji Wengi: Historia Fupi ya Kushirikiana Njia ya Intaneti

Wanafunzi wawili wakaa chumba kimoja cha bweni. Mmoja ana kompyuta mpakato, nayo ina chombo cha kunasia mawimbi ya Waifai yatokayo maktaba. Mwenzake ana kompyuta kubwa ya mezani, njema kwa kuandika na kuhesabu, lakini haina chombo hicho, wala ukutani hapana tundu la waya wa mtandao. Yule wa kwanza achukua waya mmoja, achomeka ncha moja katika kompyuta yake na ncha ya pili katika kompyuta ya mwenzake, kisha atia alama katika kisanduku kidogo kionekanacho juu ya kioo, kitoacho ruhusa ya kushirikiana. Haupiti muda mrefu, na ile kompyuta ya mezani, isiyojua habari yoyote ya mawimbi, yafungua vitabu vya maktaba za mbali kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoalikwa.

Jambo hili ni dogo machoni pa waliolizoea. Vijana wetu hulifanya kila siku kwa simu zao, na neno lake wanalo: mmoja humwambia mwenziwe, "Niwashie hotispoti." Hakuna aulizaye lilianzia wapi, kama vile mtu achotaye maji bombani asivyouliza habari za aliyechimba mtaro. Lakini mambo madogo yafanywayo na watu wengi yana historia yake, na historia hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa. Nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kushirikiana njia moja si hila iliyozuliwa na maskini wa mtandao, bali ndiyo asili ya mtandao wenyewe. La pili ni kwamba kushirikiana huko kumebadilika tabia. Zamani kulimpa kila mshirika haki ya kusema na kuitwa; siku hizi, kwa sehemu kubwa, humpa haki ya kusoma na kuomba tu. Mabadiliko hayo yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko watu wengi wengine, na sababu zake nitazitaja mahali pake.

Katika miaka ya mwanzo kompyuta ilikuwa chombo cha thamani kubwa mno, na hapakuwa na mtu aliyeweza kujidai kuwa na yake. Watu waliitumia kwa zamu. Katika mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha utaratibu uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mashine ilimhudumia kila mmoja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikamwendea mwingine, hata kila mtu akadhani kuwa ni yake peke yake. Huo ulikuwa ushirika wa kompyuta. Ushirika wa njia ulifuata. Mtandao wa ARPANET, ulio mzazi wa intaneti, uliundwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani ili watafiti wa mahali pamoja waweze kutumia kompyuta za mahali pengine. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulitoka Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Neno lililokusudiwa lilikuwa la kuomba kuingia, lakini zilifika herufi mbili tu kabla mashine ya upande wa pili haijazima. Mwanzo wa mambo makubwa aghalabu huwa hivyo.

Lakini babu wa kweli wa mawimbi yale yaliyomo katika chumba cha wanafunzi wetu alizaliwa visiwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na matawi yake juu ya visiwa mbalimbali, na kompyuta yake kubwa ilikuwa katika kisiwa kimoja tu, kisiwa cha Oahu. Nyaya za simu baina ya visiwa zilikuwa ghali na za mashaka. Profesa Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio, na mwezi wa Juni 1971 mtandao wao, ulioitwa ALOHAnet, ulianza kazi. Ilikuwapo shida moja: vituo ni vingi na mkondo wa mawimbi ni mmoja, nani aseme na nani anyamaze? Njia ya kawaida ingekuwa kumgawia kila mmoja sehemu yake ya mawimbi, atumie asitumie. Abramson aliikataa njia hiyo. Alisema, kwa maana, kila kituo kiseme kinapokuwa na la kusema. Vituo viwili vikisema pamoja, maneno yao huharibiana na hayafiki. Basi kila kimoja kingoje muda usiopangwa, kisha kirudie.

Aliyewahi kuketi barazani ataufahamu utaratibu huu bila kuchorewa picha. Watu watano wazungumzapo pasipo mwenyekiti, hutokea wawili wakaanza kwa pamoja; wote wawili husita, mmoja akatangulia, na mwingine akangoja. Hapana aliyetunga sheria ya baraza, lakini mazungumzo huendelea. Waama, mtindo wa Hawaii ulikuwa na hasara yake: hesabu zilionyesha kuwa katika hali yake ya awali mkondo hauwezi kubeba zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake, kwa sababu ya kugongana kwa ujumbe. Hata hivyo faida yake ilikuwa kubwa zaidi. Mtu hakuhitaji kuandikishwa wala kutengewa nafasi kabla hajasema. Mwaka wa 1973 Robert Metcalfe, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, alilichukua wazo hilo akalitia katika waya, akaongeza adabu ya kusikiliza kwanza kabla ya kusema. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu uitwao Ethernet, na waya ule ambao mwanafunzi wetu aliuchomeka katika kompyuta ya mwenzake ni mjukuu wake. Chumba kile kimoja, basi, kina matawi mawili ya ukoo mmoja: moja la hewani na moja la wayani.

Ilibaki hewa yenyewe kufunguliwa. Serikali za dunia ziliyashika mawimbi ya redio kama mali iliyo chini ya ulinzi, na kwa kawaida mtu hakuruhusiwa kuyatumia bila leseni. Mwaka wa 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani ilitoa ruhusa ya kutumia, bila leseni, baadhi ya mikanda ambayo ilikuwa imeachiwa mitambo ya viwanda, ya sayansi na ya tiba, na majiko ya mawimbi ya kupashia chakula. Mikanda hiyo ilihesabiwa kuwa ni takataka, kwa sababu ilijaa kelele za mitambo hiyo. Katika jalala hilo ndimo ilimoota Waifai. Kamati ya wahandisi iliyoongozwa na Vic Hayes, aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, ilitoa kanuni za kwanza mwaka wa 1997. Mwendo wake ulikuwa biti milioni 2 kwa sekunde, na miaka miwili baadaye ukafika biti milioni 11. Mwaka huo wa 1999 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta mpakato ambayo mnunuzi aliweza kuitia kadi ya kunasia mawimbi hayo. Tangu hapo kompyuta ilianza kuachana na ukuta.

Hata hapa tulipofika, msomaji ameona kushirikiana kwa namna ya baraza: wote wamo, wote husema, wote huitwa kwa majina yao. Sasa yatupasa kugeukia jambo jingine lililokuwa likikua kwa kimya, nalo ni upungufu wa majina yenyewe.

Kila mashine iliyo katika intaneti haina budi kuwa na anwani, ambayo ni tarakimu. Kanuni zilizochapishwa Septemba 1981 ziliweka anwani ya biti 32, na kwa hiyo idadi ya anwani zote ziwezazo kuwapo ni 4,294,967,296. Nambari hiyo ilionekana kubwa kupita kiasi wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mamia tu. Hata hivyo ilikuwa pungufu ya idadi ya watu waliokuwa hai duniani mwaka huo, ambao walikaribia bilioni 4.5. Tena ugawaji wake ulikuwa wa mkono uliokunjuka. Aliyekuja mapema alipewa kwa pishi, na waliochelewa walikuja kupimiwa kwa kijiko. Chuo cha MIT peke yake kilipata fungu zima la anwani 16,777,216. Simlaumu mtu, kwani wakati huo hapana aliyedhani kuwa mali ile ingeadimika. Lakini mwanahistoria lazima aandike kuwa shamba liligawanywa kabla ya wengine kufika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliona wazi kuwa anwani zitakwisha. Dawa mbili zilitafutwa. Ya kwanza ilikuwa ya kudumu: kutunga utaratibu mpya wenye anwani nyingi zaidi. Ya pili ilikuwa ya muda: kutafuta namna ambayo mashine nyingi zaweza kujisitiri nyuma ya anwani moja. Mwezi wa Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya dawa hii ya pili, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita tafsiri ya anwani. Wenyewe waliitaja kuwa ni suluhisho la muda mfupi. Februari 1996 zikatangazwa rasmi anwani za ndani, ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, kwa sharti kwamba zisitoke nje ya mlango. Miongoni mwake ni zile zianzazo na 192.168, ambazo ni 65,536, na zile zianzazo na 10, ambazo ni zaidi ya milioni 16. Maelfu ya nyumba hutumia tarakimu zilezile na hazigombani, kama vile kila nyumba iwezavyo kuwa na chumba kiitwacho "cha uani".

Msomaji wa nchi zetu hana haja ya kufundishwa tafsiri ya anwani kwa mifano ya kigeni, kwa kuwa ameishi nayo tangu utoto. Katika miji na vijiji vyetu barua hazikuzoea kuletwa mlangoni. Zilifika katika sanduku la posta, na sanduku halikuwa la kila mtu. Shule ilikuwa na sanduku moja, msikiti moja, misheni moja, kampuni moja. Mtu aliyetaka kuandikiwa aliomba kutumia sanduku la mwajiri wake au la shule ya mwanawe, na juu ya bahasha, chini ya jina lake, kukaandikwa "kwa mkono wa" fulani. Posta haikumjua yule mtu, ilijua S.L.P. tu. Karani wa shule ndiye aliyezichambua barua na kumpa kila mwenyewe yake.

Kompyuta mpakato ya mwanafunzi wetu imefanywa karani wa namna hiyo. Kwanza huigawia kompyuta ya mezani anwani ya ndani, kwa utaratibu uliowekwa mwaka wa 1993, ambao huikopesha mashine anwani kwa muda uliopangwa. Kompyuta ya mezani itumapo ombi, mpakato huifuta anwani ya mtumaji na kuandika yake yenyewe, kisha huandika katika daftari lake: ombi hili, lililotoka kwa namba hii ya mlango, ni la mwenzangu wa wayani. Namba hiyo ya mlango ndiyo "kwa mkono wa" ya intaneti. Jibu lirudipo, mpakato hutazama daftari, hurudisha anwani ya awali, na hulipitisha jibu upande wa waya. Maktaba ya mbali haijui kabisa kuwa ipo kompyuta ya pili. Yadhani imesema na mtu mmoja.

Kazi hiyo hapo kwanza ilifanywa na mashine za makampuni. Mwaka wa 1999 kampuni ya Microsoft iliitia katika toleo la pili la Windows 98, na hivyo mtu wa kawaida, asiyejua lolote la elimu hii, akaweza kuifanya kompyuta yake kuwa lango. Apple nayo ikaitia katika programu zake za mwaka wa 2002. Katika Windows za zamani kompyuta yenye kushirikisha wengine ilijipa anwani 192.168.0.1, na katika zile zilizokuja baadaye hujipa 192.168.137.1. Mwanafunzi aonaye tarakimu hizo ajue kuwa yumo katika nyumba ya mwenziwe. Baadaye mpakato ulipewa uwezo wa kupokea kwa mawimbi na kugawa kwa mawimbi, bila waya. Lakini hapo redio moja yatumikia mabwana wawili kwa zamu, na mwendo hupungua. Ndiyo maana waya mfupi kati ya kompyuta mbili bado una heshima yake.

Na sisi tulikuwa wapi? Pwani yetu haikuwa ngeni kwa habari ziendazo kwa waya. Mwaka wa 1879 waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden kwa upande mmoja na pwani ya kusini ya Afrika kwa upande wa pili. Lakini intaneti ilipokuja, kwa miaka mingi haikutufikia kwa njia ya bahari. Ilitupasa kuipata kwa setilaiti zilizo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi lilipanda mbinguni likashuka, na jibu likapanda likashuka, hata nusu sekunde ikapotea kabla ya neno la kwanza kurudi. Gharama yake haikubebeka na mtu mmoja. Hapo ndipo ilipostawi mikahawa ya intaneti: chumba kimoja, kompyuta kadhaa, njia moja nyembamba, na mteja akilipia kwa dakika. Njia ilishirikiwa kwa namna ileile ya karani na sanduku. Watu wengi wa rika langu walifungua barua yao ya kwanza ya intaneti ndani ya vyumba hivyo, na hapana aliyejua kuwa mashine aliyoikalia haikuwa na anwani yake mwenyewe.

Mwaka wa 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Njia ilipanuka. Wakati huohuo simu za mkononi zilipata uwezo ambao kompyuta mpakato ilikuwa nao: mwaka wa 2010 toleo la 2.2 la Android liliifanya simu iweze kugawa intaneti yake kwa Waifai. Tangu hapo njia ya kushirikiana haikuhitaji tena chumba, ilitiwa mfukoni.

Ndipo likazuka swali la haki. Mtu akiisha kununua bando, je, ni lake au la kampuni? Aweza kumpa jirani? Makampuni mengi ya simu duniani yalitaka malipo ya pili kwa anayegawa. Huko Marekani, Julai 2012, kampuni ya Verizon Wireless ilikubali kulipa dola milioni 1.25 ili kumaliza uchunguzi wa tume ya mawasiliano, uliohusu kuzuiwa kwa programu za kushirikisha kompyuta intaneti ya simu. Kwa maoni yangu swali hilo lina jibu jepesi. Aliyenunua kilo ya mchele haulizwi amempikia nani. Kipimo alicholipia ndicho mpaka wake, na ndani ya mpaka huo ukarimu ni wake mwenyewe.

Lakini lipo swali zito kuliko hilo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya anwani za zamani yaligawiwa mashirika matano yasimamiayo anwani katika sehemu za dunia, fungu moja kwa kila shirika. Shirika la Afrika, AFRINIC, ambalo makao yake yako Mauritius, lilikuwa limetambuliwa rasmi mwaka wa 2005 tu, yaani karibu robo karne baada ya ugawaji kuanza. Akiba yake ilidumu kuliko ya wengine, lakini Januari 2020 nalo liliingia katika awamu ya mwisho ya kubania. Basi makampuni ya simu, yenye wateja kwa mamilioni na anwani chache, yalifanya alilofanya mwanafunzi wetu, lakini kwa kipimo cha nchi nzima: yaliwaweka wateja nyuma ya makarani wakubwa. Aprili 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la anwani za ndani, 4,194,304, kwa kazi hiyo. Siku hizi simu iliyo mkononi mwa mtu aghalabu haina anwani inayojulikana nje. Na kompyuta iliyounganishwa na simu hiyo iko nyuma ya karani aliye nyuma ya karani. Ni sanduku ndani ya sanduku.

Hasara yake ni nini, ikiwa barua zafika? Hasara ni hii: karani hujua kupitisha majibu, hajui kupitisha mgeni abishaye hodi kwa mara ya kwanza. Ombi likitoka ndani, huandikwa daftarini na jibu lake hupokelewa. Ujumbe ukija kutoka nje bila kuitwa, haumo daftarini, na hutupwa. Kwa hiyo mashine iliyo nyuma ya anwani ya kushirikiana yaweza kusoma dunia nzima, lakini dunia haiwezi kuisoma. Mwanafunzi aliyekusanya hadithi za bibi yake katika kompyuta yake hawezi kuifanya kompyuta hiyo kuwa maktaba ndogo, mtu wa Mombasa au wa Muscat aje azisome hapo. Lazima azipeleke kwanza katika mashine ya kampuni ya mbali, akubali masharti ya kampuni hiyo, naye awe mpangaji. Watu wawili watakao kuzungumza kwa sauti, kompyuta kwa kompyuta, mara nyingi huhitaji mtu wa kati wa kuwakutanisha, kwa sababu hakuna kati yao awezaye kumbishia mwenziwe moja kwa moja. Programu ya Skype, iliyotoka mwaka wa 2003, ilifaulu kwa kuwa ilijua kuizunguka milango hiyo kwa msaada wa kompyuta za wengine zilizokuwa na anwani za wazi. Na kosa la mmoja huandikwa juu ya wote: mtandao wa mbali ukiifungia anwani moja kwa sababu ya mkorofi mmoja, wasio na hatia walio nyuma ya anwani hiyo hufungiwa naye.

Lazima niwape haki yao wanaoitetea tafsiri ya anwani. Husema, kwanza, kwamba pasipo hiyo mamilioni ya watu wangebaki nje kabisa, na kukaa chumba cha uani ni bora kuliko kulala njiani. Neno hilo ni kweli, na mwandishi huyu mwenyewe ni shahidi wake. Pili, husema kuwa mlango usiopokea wageni humzuia mwizi pia. Hilo lina ukweli, lakini ni la nusu. Ulinzi wa nyumba ni kazi ya mlinzi, naye aweza kuwekwa hata katika nyumba yenye anwani yake. Si lazima mtu anyimwe anwani ili apate usingizi. Tena, karani huyo aliye katikati huiona anwani ya kila bahasha ipitayo, na bahasha isiyofungwa aweza kuisoma. Aliyeomba hotispoti ya mtu asiyemjua hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kupeleka siri zake.

Dawa ya kudumu haikukosekana. Desemba 1995 zilichapishwa kanuni za kwanza za anwani mpya, za biti 128, ambazo jumla yake ni nambari yenye tarakimu 39. Kanuni hizo zilikamilishwa kuwa kipimo rasmi mwaka wa 2017. Kwa anwani hizo kila kompyuta, kila simu, na kila kipima mvua cha shambani chaweza kuwa na jina lake mbele ya dunia. Kushirikiana hakutakoma, kwa kuwa mawimbi na nyaya bado zina gharama. Lakini kompyuta mpakato itakuwa njia ya kupitia, si kinyago cha kumficha mwenziwe. Kuchelewa kwa dawa hiyo kumesababishwa na ubora wa dawa ya muda. Watu wakipata nafuu huahirisha tiba. Mbali na hayo, wale waliopewa kwa pishi hawakuumwa na njaa, na wale walioumwa hawakuwa na sauti katika vikao vya mapema.

Kwa wasomi wa vyuo vyetu naona mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba tuliposema "tumeunganishwa" hatukuuliza tumeunganishwa kama nani. Wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakukataza kugawana, wao wenyewe walikula sinia moja. Walikataza hali ambayo mmoja huwa mgeni wa daima katika nyumba aliyochangia kujenga. La pili ni kwamba vyuo vyenyewe vina nafasi ya kuanza, maana anwani mpya hazijaadimika, na chuo kinachoziomba na kuwapa wanafunzi wake kitakuwa kimewapa kitu kikubwa kuliko mwendo wa kasi.

Turudi katika chumba cha bweni. Usiku umekuwa mkubwa, na waya ungali baina ya kompyuta mbili. Mwenye mpakato ataka kulala. Akiifunga kompyuta yake, mwenzake atakatika katikati ya ukurasa. Kwa hiyo aiacha wazi juu ya meza, taa yake ikimeta, akajifunika shuka. Huo ni wema wa kweli, nao ni mkubwa kuliko mashine zote nilizozitaja. Lakini yule aliyebaki akisoma, ingawa amefika maktaba za nchi tano usiku huo, hana bado mahali ambapo mtu wa nchi hizo aweza kuja akabisha hodi na kuitikiwa karibu.